Kijiko cha Feza

Jumatatu, 2 Februari 2015
Ugali tena, kijiko tena. Mke wangu Feza ananilisha, ananifuta kidevu, anaridhika. Mkono wa kulia umelala mapajani kama si wangu. Naandika kwa kushoto. Herufi za aibu. Theluji imeziba nusu ya dirisha. Nimechoka kukaa.

Jumatano, 4 Februari
Hospitali. Daktari alinionyesha picha ya ubongo wangu. Doa moja: hapo kiharusi kilipiga, seli zimekufa, basi. Lakini za pembeni ziko hai. Hizo ndizo zilizonishtua. Zimepoteza matawi, hazipelekeani tena habari. Kama majirani waliofiwa, wakanuniana. Mkono usipotumika, alisema, zitazidi kunyamaza. Nimepewa glovu nene nivae mkono wa kushoto, ule mzima, ili wa kulia ulazimike kufanya kazi. Feza alisikiliza amekunja uso.

Ijumaa, 6 Februari
Glovu haionekani. Feza ameificha, naijua sura yake. Kumfunga mgonjwa mkono wake mzima, kwake ni ukatili. Leo walikuja akina mama wa kanisa na sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Kila mmoja alitaka kunilisha. Kukataa ni kuwatukana. Nikameza.
Walipoondoka, Feza akasema: "Baba Neema, tulia tu. Donc, basi miye niko hapa juu ya nini?"
Nampenda Feza. Leo nimemchukia.

Jumapili, 8 Februari
Neema, binti yetu, amepiga simu kutoka mji wa Columbus. Anahudumia wazee huko. Mwisho wa mwezi anakuja kunichukua. Chumba tayari, kitanda cha kupanda na kushuka kwa kitufe. Mdogo wangu wa Louisville amekubali. Feza amekubali. Mimi sikuulizwa. Nikienda huko sitainua kitu tena mpaka nizikwe. Naogopa.

Jumanne, 10 Februari
Glovu ilikuwa kwenye ndoo ya unga. Nimeivaa kwa meno. Kijiko kilipokuja nikafunga mdomo. Feza akalia. Mimi pia. Vidole vya kulia vilifika ukingo wa sahani, vikagoma. Nimelala njaa. Glovu nimeivua kuandika haya tu.

Alhamisi, 19 Februari
Tonge la kwanza kwenye suruali. La pili sakafuni. Feza alisimama jikoni, amenipa mgongo. Hakuja. Najua ilivyomuuma.

Jumamosi, 28 Februari
Neema amefika. Sanduku langu lilikuwa mlangoni. Feza akaandaa ugali, bila kijiko. Nikakata tonge, nikachovya kwenye sombe. Mkono ukatetemeka njia nzima. Nusu ilianguka, nusu nikala. Neema aliinuka kunisaidia. Feza akamshika bega.
"Muache."
Kisha akalirudisha sanduku chumbani, mwenyewe. Neema alinung'unika kwa Kiingereza.

Jumapili, 1 Machi
Neema ameondoka peke yake.

FEZA

Neno hilo ni la mkono wa kulia. Limekula nusu ya ukurasa. Mengine bado ni ya kushoto. Nimemwonyesha. Amelisoma, akarudi jikoni.