Apdeti Isiyopiga Hodi

Jumanne, 7 Oktoba 2025
Pongwe nzima nani mwingine kaweka Linux kwenye kompyuta badala ya Windows? Mimi tu! Na shule niliishia kidato cha pili. Kompyuta ya duka la dada Zuwena, ninapochapia watu kazi, ilikufa kwa virusi, nikaifufua kwa mikono yangu hii.
Lakini huyu mdudu wa apdeti, wa kusasisha programu! Nikiwa nachapa kazi ya mteja, puu, karuka katikati ya kioo. Vitu 214 viko tayari, eti. Vitu gani? Majina yenyewe kama namba za pikipiki. Uweke sasa, au ukumbushwe baadaye. Pa kusema “niache” hapapo! Nikabonyeza baadaye. Baadaye yake — dakika kumi.

Jumatano, 8 Oktoba 2025
Kaja mara sita. Nasri, jirani wa duka la simu, kanicheka: hiyo si kompyuta, ni mama mkwe. Nikamwambia akauze makava yake.
Jioni kaja Semeni, kamaliza kidato cha sita, anaomba kazi ofisi moja Raskazone. Mwisho wa kupokea barua kesho saa tisa alasiri. Nimemchapia barua, wasifu, kila kitu. Asubuhi aje na picha, nimtolee kwenye printa. Lala usingizi, nikamwambia, uko na bingwa.

Alhamisi, 9 Oktoba 2025
Saa tano. Semeni kafika. Mdudu naye! Semeni kauliza, hicho nini? Nikataka aone mambo. Nikabonyeza “weka sasa”, kwa mbwembwe.

Saa saba. Asilimia 71. Tangu saa tano na robo, 71! Inafanya nini? Haisemi. Kitufe cha kusitisha kimefifia, hakibonyezeki. Printa imekufa ganzi. Semeni kasema nimpe kazi yake kwenye flashi akachapishe mjini. Nikakataa. Dakika tano tu, nikasema. Mara ya tatu hiyo.

Saa saba na nusu. Pembeni kuna kimshale, kidogo kama mbu. Nimekibonyeza — kumbe nyuma yake kuna swali! Limekaa humo saa mbili na zaidi linangoja jibu. Bila kuita! Hata mgeni wa Tongoni asiyekujua hupiga hodi tatu mlangoni. Hili limejificha uvunguni, linanuna.
Na Kizungu chake! Semeni nilishamwambia Kizungu nakinywa kama maji. Nikakodoa macho. Mambo ya ufundi haya, nikasema.

Saa nane na dakika kumi. Nimeshindwa. “Dada Semeni, pita huku unisomee.”
“Ala! Bingwa!”
Kasoma: faili la printa kuna mtu kalichokonoa, libaki hilohilo, au liwekwe jipya? Nani kalichokonoa, kauliza. Mimi, nikajibu, mwezi wa saba, printa ilipogoma.
“Basi jibu, mwenyewe si wewe?”
Nimebonyeza libaki. Mstari umesogea! 72. Umesimama.
Semeni kashakalia kiti changu. Kafungua kimshale mwenyewe. Kuna swali la pili, refu kuliko la kwanza. Bajaji ya kumpeleka Raskazone inanguruma nje, dereva anapiga honi. Naandika nimesimama. Semeni anasoma kimya, midomo inacheza, kisha kaniuliza bila kugeuka: na faili hili nalo ulilichokonoa—