Jino la Nyuma, Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Uji tena. Mke wangu Nashipai ametia ndimu na siagi, lakini uji ni uji. Jino la nyuma, kushoto, linanipiga tangu alfajiri. Nimefungua duka nikiwa na shavu kama nimeficha andazi zima. Mteja aliyeleta simu ya kutengenezwa akaniuliza kama ni nyuki. Nimesema ndiyo. Rahisi kuliko kueleza hemofilia: kwamba damu yangu haigandi kama ya wengine, kwamba goti linaweza kufura kwa kukanyaga ngazi vibaya tu.

Jino limeoza. Lingeng'olewa zamani. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki. Nimejidunga mwenyewe tumboni, sista akitazama. Hii dawa inaingia chini ya ngozi, hakuna kutafuta mshipa. Tangu nianze mwaka jana, goti halijafura. Magongo yangu Nashipai anaanikia nguo.

Sista anasema kampuni iliyoshiriki kuitengeneza ni ile ya ng'ambo iliyofundisha bakteria kutengeneza insulini ya binadamu, kabla mimi sijazaliwa. Mama mkwe huko Mashuuru anajidunga insulini kila siku. Kumbe tunakula jikoni moja! Nimempigia simu. Amecheka mpaka akakohoa.

Daktari wa damu ameliona shavu. Akampigia wa meno. Ijumaa ya wiki ijayo, jino linatoka. Nimekubali kabla sijafikiri.

Jumapili, 9 Machi
Nilienda Kisaju kumwambia Mama. Kosa. Aliweka sufuria chini, akakaa. Kaka yake, Mjomba Kioko, alikuwa na ugonjwa huu huu. Aling'olewa jino, akavuja damu mpaka akafa. Hilo nalijua. Nililokuwa silijui ni kwamba Mama, msichana wakati huo, ndiye aliyekuwa anafua mashuka ya damu.

"Kaa na jino lako, Mutua," amesema. "Hakuna mtu amekufa kwa kunywa uji."

Nimerudi nyumbani Kitengela na hasira. Chini ya hasira, woga.

Jumatano, 12 Machi
Sijalala vizuri. Nashipai hanibembelezi. Anasema mjomba hakuwa na daktari anayejua ugonjwa wake, wala hakuwa na dawa hii. Kweli. Lakini woga hausikii.

Mama hapokei simu.

Ijumaa, 14 Machi
Usiku, hospitalini. Nina furaha.

Tulipofika hospitali, Mama alikuwa ameshafika. Kwenye benchi, kitambaa cha kanisa kichwani, kapu miguuni. Ndani ya kapu, mashuka meupe, mapya. Nikamuuliza ni ya nini. "Ya kuwa tayari." Hapo tu ndipo nilipotaka kukimbia.

Jino lilitoka na mlio kama muwa unavunjwa. Pamba. Dawa ya kusukutua. Kungoja. Pamba ya kwanza nyekundu. Ya pili nyekundu. Mama akatoka nje. Niliona mgongo wake tu. Ya tatu ikawa ya waridi. Daktari akainama na taa yake, akakaa hapo, akakaa.

"Imeganda."

Sijawahi kusikia neno tamu hivyo. Nashipai akapiga kigelegele. Akaambiwa hii ni hospitali. Akapiga kingine.

Mama alirudi akikimbia, akidhani ni kilio. Nikafungua mdomo aone. Aliangalia muda mrefu lile shimo. Kisha akanipiga kofi begani, akalia, akacheka, yote pamoja.

Nalala hapa leo, waniangalie. Mama ametandika kitanda na mashuka yake. Muuguzi alijaribu kukataa, akashindwa.

Jumamosi, 15 Machi
Asubuhi. Mashuka meupe pepepe. Mama ameyakunja mwenyewe, polepole, pembe kwa pembe.

Alhamisi, 20 Machi
Mashuuru. Nyama! Mama mkwe amechinja mbuzi kwa heshima ya jino. Nimetafuna upande wa kulia mpaka taya limechoka. Mama alikuwa amekuja pia, kwa mara ya kwanza tangu harusi, na ameniwekea mifupa yenye nyama nyingi kama mtoto.

Kabla ya kula ilikuwa saa ya sindano. Mkwe na mkwe hawaonyeshani tumbo. Kwa hivyo yeye jikoni, mimi sebuleni, ukuta katikati, na Nashipai mlangoni akitupigia hesabu. Moja, mbili, tatu, dunga. Mama mkwe akasema kwa sauti, "Ashe!" Sijui alikuwa anamshukuru nani. Mungu, pengine. Au wale watu wa ng'ambo na bakteria wao. Nikasema Ashe pia.

Jumapili, 23 Machi
Kanisa, halafu nyumbani. Mvua imeanza kama saa nane. Nikakimbia kutoa nguo kwenye kamba, nikagonga kiwiko kwenye nguzo ya lango. Nikaingiza nguo. Nikakunja. Nikalala kidogo.

Nimekumbuka kile kiwiko sasa hivi tu, jioni, nikiosha vikombe. Nimekunja mikono ya shati, nikasimama dirishani, nikanyoosha mikono yote miwili.

Viwiko vinafanana, hakuna kilichofura.

Nje bado inanyesha. Nashipai ameuliza naangalia nini. Nimesema mvua.