Kipanga Tisa Hajaaga

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyeliokota daftari hili, lifunge. Kama umeshafika mstari huu basi umeshachelewa, na kilichobaki ni kukusihi: usimwambie mtu, hata kwa utani, hata siku ukiwa umenikasirikia. Jina langu sitaliandika. Ninaandika kwa sababu kichwa kimejaa, na nyumbani kwa dada yangu kuta ni nyembamba.

Kazi yangu ni kuhesabu. Kila siku saa moja asubuhi nafungua skrini ya mnara na kuhesabu ndege zilizoko angani katika mchezo wetu. Si ndege za kweli. Ni watu waliokaa majumbani mbele ya kompyuta, wameshika usukani wa mezani, wanapaa na kutua kama marubani. Nahesabu, naandika kwenye fomu, natia sahihi: Karani wa Takwimu.

Nilipoajiriwa miaka mitatu iliyopita, hesabu ya asubuhi ilikuwa elfu mbili na kitu. Leo arobaini na moja. Nimerudia mara tatu. Kisha nikagundua mmoja wao ni mimi, nilisahau kutoka jana. Arobaini.

Meneja tunamwita Kapteni kwa sababu ya miwani yake ya jua. Ndege ya kweli anaiogopa, husafiri kwa basi. Aliitazama fomu kama mtu anayetazama picha ya mapafu yake mwenyewe. Akasema kuna kampuni inataka kutununua, na mkaguzi wao anakuja tarehe kumi na nane. Akikuta anga tupu, hawanunui. Wasiponunua, ofisi inafungwa — sote kumi na mmoja tunarudi nyumbani. Aliyasema haya kwa upole. Upole wake ndio ulionitisha.

Jumanne, 4 Machi

Fundi, yule anayeendesha seva, anasema hakuna cha kushangaa. Vijana wanataka mchezo wa dakika tatu kwenye simu, wacheze wakiwa kwenye foleni. Wetu unamtaka mtu asome kurasa mbili za ukaguzi kabla hajawasha injini. "Nani ana subira hiyo? Mimi mwenyewe sina, na nimeutengeneza." Nimepitia matangazo ya vitu vilivyotumika. Seti sitini na tatu za usukani wa mezani zinauzwa. Chini ya kila tangazo — kimya. Fundi usukani wake ameutundikia koti.

Hata hivyo marubani wana desturi yao, hatukuwafundisha sisi. Anayeacha mchezo moja kwa moja haondoki hivihivi. Anatua, anaegesha langoni, anazima taa za ndege moja moja, kisha anaita: "Mnara, nafunga." Mnara unajibu: "Tumepokea. Pumzika salama." Mnara ni mimi. Kwenye rejista, mbele ya jina lake la redio, naandika: ameaga. Wengine hutoweka tu. Hao naandika: hajaaga.

Tangu wiki iliyopita wameaga watano. Mmoja alilia. Nikajifanya redio inakwaruza.

Alhamisi, 6 Machi

Kapteni aliniita akafunga mlango. Fundi yumo tayari, anatazama viatu vyake.

Wanataka kujaza anga. Fundi ataleta ndege zinazojiendesha zenyewe, ndege za mashine. Mimi nitoe majina ya kuzipa, kisha nizihesabu pamoja na za watu.

Nikauliza kama huo si uongo.

"Mwenye hoteli akikosa wageni," Kapteni alisema, "huwa anazima taa za mbele?"

"Hapana."

"Basi washa taa, bwana mdogo."

Nikawasha. Nakiri. Na niliwasha kwa uangalifu, ndilo linaloniuma. Majina mapya yangeonyesha yameandikishwa mwezi huu. Mkaguzi yeyote mwenye macho angeuliza. Majina ya zamani ni salama zaidi. Lakini sikutaka kuwagusa walioaga. Mtu ameshazima taa zake, ameshapumzika, unamrudishaje angani? Kwa hiyo nilichukua tu wale ambao hawajaaga. Hao, niliwaza, mlango wao uko wazi, huenda hata wakarudi wenyewe. Mia tatu na sita.

Fundi akaongeza lake. Kila mashine ataifundisha kwa kumbukumbu za safari za mwenye jina, iruke saa zake, njia zake, itue hata kwa makosa yake. Alifurahi kama mtu aliyepewa kazi ya maana baada ya muda mrefu.

Ijumaa, 7 Machi

344.

Anga limejaa, na kimya tupu. Mashine hazisemi na mnara. Nilitangaza upepo, wakajibu watu thelathini na wanane.

Sahihi yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. Na nimegundua jambo: katika fomu hizi zote hakuna sahihi ya Kapteni. Hata moja. Tangu mwanzo. Jina ni langu tu.

Dada ananishonea suruali kiunoni, anasema nimepungua. Nikamwambia nusunusu kuhusu kazi. Akacheka na pini mdomoni. "Yaani unahesabu ndege zisizokuwepo kwa mshahara uliopo, halafu unanung'unika?" Sikucheka. Naye akaacha kucheka.

Jumatatu, 10 Machi

Kuna rubani mmoja tunamwita Mwalimu, mstaafu, alifundisha jiografia. Huruka kila asubuhi, na kila asubuhi ananitania kwamba natangaza upepo kama anayetangaza msiba. Leo:

"Mnara, huyo anayepaa sasa hivi ni nani?"

"Kipanga Tisa, Mwalimu."

"Amerudi lini?"

"Ijumaa."

"Haya."

Hakutania. Alitua na kutoka bila hata kusema kwaheri ya siku.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu amepiga simu ofisini, akaniulizia mimi. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri, kama kawaida ya watu wazima, kisha akasema — naandika alivyosema, siwezi kuyasahau:

"Kijana, Kipanga Tisa tulimzika mwezi wa Novemba. Jeneza nililishika mimi, mbele, upande wa kushoto. Sasa wewe unayekaa mnarani uniambie. Jana nimemwona nani?"

Nikamwambia nitafuatilia. Ndivyo tunavyowaambia wote.

Nikafungua rejista. Kipanga Tisa: hajaaga. Safari ya mwisho tarehe tisa Novemba. Mia tatu na sita ambao hawakuaga. Nilidhani hawakuaga kwa sababu watarudi. Kumbe wangapi hawakuaga kwa sababu hawakuwahi?

Sijui ni wangapi. Hakuna wa kumuuliza. Niliwatazama kwenye skrini, nukta za kijani zinazunguka, kila moja kwa saa yake na njia yake. Nikainuka nikaenda kukaa chooni.

Jumatano, 12 Machi

Nilimwomba Fundi amwondoe Kipanga Tisa. Fundi akajikuna shingo. Anasema akiondoa mmoja, mfumo unaandika nani kaondolewa na lini, na mkaguzi atauliza kwa nini huyo peke yake. Tukaenda kwa Kapteni. Kapteni akavua miwani, ni mara ya kwanza namwona macho. Anasema hakuna kugusa kitu hadi tarehe kumi na nane. "Marehemu hajawahi kuleta malalamiko."

Saa nane mchana yakaja. Si malalamiko. Ni barua pepe ya mjane wa Kipanga Tisa.

Ameandika kwa adabu, kama anayeomba kazi. Mume wake alikuwa dereva wa lori la maji, na kila asubuhi saa moja na nusu, kabla ya kwenda kazini, aliruka robo saa. Yeye yuko jikoni, anasikia magurudumu yanagusa chini, ndipo anamimina chai. Miaka minane. Mwalimu alimweleza alichokiona, akamwandikisha aingie kama mgeni ajionee. Ameona. Anatua vilevile, gurudumu la kushoto kwanza, kisha la kulia kama linakumbushwa. Jana na leo amemimina vikombe viwili.

Hataki tumwondoe. Hilo ndilo lililomfanya aandike. Na mwisho: "Kama kuna mtu anairusha ndege yake, mwambieni namshukuru, na naomba, ikiwezekana, nizungumze naye."

Sijamwonyesha yeyote. Nimeichapisha, nikaikunja ndani ya daftari hili.

Alhamisi, 13 Machi

346. Nimetia sahihi. Sikula.

Ijumaa, 14 Machi

Mkaguzi ameandika. Takwimu zetu amezipenda. Ila Jumanne anataka kuzungumza na mchezaji mmoja kwa redio, bila maandalizi, na amemchagua mwenyewe kwenye orodha: yule mwaminifu kuliko wote, anayeruka kila asubuhi saa moja na nusu, wiki nzima hajakosa hata siku moja.

Nilijua kabla Kapteni hajasoma jina.

Kapteni alinigeukia. "Wewe una sauti ya redio," akasema.

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia mtu huyu ana mke.

"Mke wake atakuwa kwenye mkutano wetu?"

Nikaanza kueleza kwamba huingia kila asubuhi, husikiliza. Akainua mkono. Watu kumi na mmoja, akasema. Fundi ana mapacha. Mfagizi ana mama mgonjwa. Akawataja mmoja mmoja, vizuri kabisa, kumbe anatufahamu sote. "Dakika tatu tu. Sauti nzito kidogo. Sema unaupenda mchezo na huna mpango wa kuacha."

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia Dada yote. Cherehani ilisimama. Hakunikaripia, na hilo nalo likanitisha.

Nikamweleza hesabu yangu: nikikataa, watu kumi na mmoja wanakosa kazi, na fomu zina jina langu. Nikikubali, mama wa watu anamsikia mumewe akisema hana mpango wa kuacha.

Dada akauliza huyo mama ana umri gani. Sijui. Ana watoto? Sijui. "Unajua gurudumu linalogusa kwanza, lakini hujui kama ana watoto." Kisha akasema nimwambie mapema, mimi mwenyewe, kabla sauti haijamfikia. Nikasema naogopa. Akasema anajua, anaona jinsi ninavyoshika kijiko.

Jumatatu, 17 Machi

Nilianza kumwandikia mara nne. Nikafuta mara nne. Kapteni alikuwa anapita nyuma ya kiti changu.

Jumanne, 18 Machi

Saa moja na dakika ishirini. Niko stoo ya karatasi, hedifoni masikioni, skrini na usukani wa Fundi mbele yangu — koti limeondolewa. Mlango Kapteni ameufunga kwa nje, ati nisisumbuliwe. Nyuma ya ukuta namsikia mkaguzi. Ni mwanamke, sauti ya taratibu. Anauliza kiti cha nani hiki. Changu.

Naandikia gotini, niwie radhi kwa mwandiko.

Saa moja na nusu. Kipanga Tisa amepaa. Kwenye orodha ya wasikilizaji kuna Mwalimu, na chini yake: Mgeni Mmoja. Ni yeye. Amefika kwa wakati, kama siku zote. Robo saa, kisha anatua, kisha mkaguzi anaita.

Saa moja na dakika thelathini na tisa. Nimeandika kwenye kisanduku cha ujumbe cha Mgeni Mmoja na nimetuma. Nanakili hapa maneno yaleyale, nisije nikayakana baadaye:

"Mama, shikamoo. Anayerusha si mtu. Ni mashine, inaiga safari zake za zamani. Jina lake nililitoa mimi, ili tuonekane wengi. Sikujua amefariki, na sikuuliza. Leo nimeambiwa niseme kwa sauti yake. Kama hutaki kusikia lolote, zima sauti sasa."

Hajajibu. Hajatoka. Kapteni amegonga ukuta mara moja, ishara yetu: kaa tayari.

Saa moja na dakika arobaini na tano. Ametua. Kushoto kwanza. Kisha kulia.

"Kipanga Tisa, Kipanga Tisa, habari za asubuhi, unanisikia?" Mkaguzi. Mara ya kwanza.

Nimeiondoa mashine, nimeshika mimi. Usukani kwa mkono wa kushoto, kalamu kulia. Naipeleka polepole langoni, lango la nne, alikozoea kuegesha. Mgeni Mmoja anaandika kitu, naona vinukta vitatu vinacheza, vinakoma, vinaanza tena.

"Kipanga Tisa, unanisikia?" Mara ya pili. Kapteni anagonga ukuta.

Imesimama. Injini nimezima. Taa za mbawa nimezima, ya kushoto, ya kulia. Taa ya mkia. Imebaki ya mbele, na yale maneno mawili ya kumfungia. Namwandikia kwanza, asije akakosa pa kunipata:

"Mama, usipige simu ofisini, jioni huenda nisiwe huko. Seva ikiwa bado hai, ingia asubuhi yoyote, uje masafa ya mnara, usiseme mnara, sema Karani. Ikiwa imezimwa, muulize Mwalimu njia ya posta kuu. Mkabala na posta kuna duka la ushonaji, ndipo nyumbani, mlango wa buluu. Kengele haifanyi kazi. Gonga mara mbili, useme umemfuata yule anayehesabu. Akitoka dada yangu, usiondoke, mwambie akuitie mimi. Nitakuja kukufungulia mwenyewe, kwa sauti yangu hii hii utakayoisikia sasa —"