Mke Wangu Anapanda Bakteria, Wagonjwa Wananicheka

Mshauri wetu mpendwa Bi. Mwanarusi, pokea salamu, naomba unisaidie haraka kwa sababu nimechoka, na nyumbani kwangu pia nimechokwa. Mimi ni msaidizi katika zahanati moja huku Bura, na kila asubuhi kabla ya kutoa dawa nasimama mbele ya akina mama nawaambia wachemshe maji na wanawe mikono maana bakteria huua watoto, nao wameanza kunisikia, kuhara kumepungua, sasa msimu huu mke wangu Mable akarudi kutoka mkutano wa kikundi chao na paketi ya unga mweusi kama masizi, akaiweka kando ya mtungi wa maji ya kunywa ati ndipo penye baridi, nikamuuliza, "Hii ni nini?" akanijibu bila wasiwasi, "Ni bakteria wa soya. Bwana shamba ametupa. Wako hai."

Bi. Mwanarusi, wako hai! Ndani ya nyumba yangu! Akachanganya mbegu na maji ya sukari na ule unga, akapanda nusu ya juu ya shamba kwa samadi ya ng'ombe, na alipokwenda mtoni mimi nikachukua mbegu zilizobaki nikazianika juu ya bati, jua kali la mchana, ili vile vijidudu vife. Aliporudi alipiga kelele mpaka majirani wakatoka, nikamwambia nimewaokoa watoto wake, akazipanda hivyo hivyo nusu ya chini, na samadi ile ile, huku analia. Mvua ikakatika mapema kama unavyojua, na sasa soya ya juu imesimama kijani, ya chini imekuwa manjano, na njia ya zahanati inapita hapo katikati. Mzee Kituku, aliyepita hapo akija kutibiwa, aliniambia mbele ya foleni nzima, "Daktari, kule shambani kwako dawa yako imekataa."

Mable hanisemeshi, akiwa na neno anamtuma mtoto, na neno la mwisho ni kwamba nisimame mbele ya kikundi niseme bakteria wake ni wazuri, la sivyo anarudi kwao Mwanda. Nikisema hivyo, nani atachemsha maji tena? Mwaka juzi tulizika watoto hapa kwa kuhara. Nifanye nini?

Msaidizi, Bura

JIBU

Ndugu Msaidizi, umenichosha. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta mahali ulipomuuliza mkeo bakteria hao ni wa kazi gani, nami sikupaona.

Hofu yako naielewa. Aliyewazika watoto wa kuhara hawezi kusahau, wala sikucheki kwa hilo. Lakini wewe mtu wa dawa, hujui kwamba maziwa lala unayokunywa yamegandishwa na bakteria? Nimemwendea bwana shamba hapa Voi, akanieleza kwamba hao wa soya hukaa mizizini, wakaupa mmea chakula wanachokitoa hewani. Samadi nayo hushika unyevu. Mmea ulioshiba hivyo huvumilia jua. Wewe ukawachoma kwenye bati! Na uji wa soya unaowaamuru akina mama wawape watoto waliokonda, wadhani soya yake yatoka wapi?

Mwombe Mable radhi leo, kwa kinywa chako, kabla ya mkutano wowote. Kisha kikundi kikutane shambani, si zahanati. Ng'oa mche mmoja wa juu na mmoja wa chini, wavione vinundu vya mizizini kwa ule wa juu, uvipasue waone wekundu wake, ndiyo dalili kwamba bakteria wanafanya kazi. Waambie: hawa tunawalea, wale wa majini tunawachemsha. Wataelewa, akina mama hao kila masika huchuma uyoga wa kula wakauacha wa sumu, na hakuna aliyewafundisha zahanati.

Kwa paketi kukaa karibu na maji ya kunywa, hapo ulikuwa na haki. Mtafutie chungu kingine, ukitie mchanga mbichi, ukiweke kivulini.

Akiendelea kununa, vumilia, maana umemharibia nusu ya mavuno na hukumwomba ruhusa. Zahanati ikifungwa jioni, chukua jembe mwende na Mable mkapalilie ile nusu ya manjano, mwongeze samadi iliyooza. Punje chache zitapatikana. Na huko shambani, ndugu yangu, usimfundishe kitu.