Pembe tano za Hoplitomeryx

Butembo, siku ya ine

Na exposé yenyewe, maelezo ya kusema darasani, nilikuwa nimeijifunza siku tatu! Hoplitomeryx, nyama wa zamani sana, karibu sawa na swala, mwenye kwato na pembe tano, moja katikati ya macho. Aliishi kisiwani, na hapana hata mumoja aliyebakia duniani.

Mbele ya darasa nilipaswa kusema yote kwa Kifaransa. Nikatafuta "cornes", kinywa kikatoa "pembe".

"Symbole! Symbole!" Batoto wote walipiga kelele.

Mwalimu akanivalisha symbole, kile kibao cha mwenye kusema Kiswahili kwenye masomo. Mwenye anacho saa ya kutoka anasafisha vyoo. Ili kikutoke, lazima ukamate mutu mwingine akisema Kiswahili.

Nilimufikiria yule nyama, maji kila upande, hana pa kukimbilia. Mimi hata kusalimia batu inanishinda. Nitamukamata nani?

Wakati wa récréation, saa ya mapumziko, nilijificha nyuma ya classe. Kavira, ule tunakaa naye banc moja darasani, akanifuata na ndizi mbili.

"Usilie, Masika," akasema polepole. "Exposé yako ilikuwa ya muzuri, kweli. Na mimi ningesema pembe."

Alisema kwa Kiswahili, juu ya kunituliza tu.

Nikavua kibao, nikakitia shingoni mwake.

Hakukataa. Akaniachia ndizi yangu.

Saa ya kutoka nilimuona na ndoo na ufagio. Nilipita mbio. Kesho tutakaa tena banc moja, na sijui nitamuomba musamaha kwa luga gani.