Kishindo Kabla ya Wakati

Mtaa wa Nyuma ya Hekalu,
Keelanallur, karibu na Kumbakonam,
mwezi wa Thai, baada ya sikukuu ya mavuno.

Kwa Dada yangu Sivagami, mkubwa wangu kwa umri na kwa ukali,

Pokea salamu zangu hapo Coimbatore, wewe na mguu wako uliovunjika. Natumaini mguu unaunga na mdomo unapumzika, ingawa ninavyosikia mdomo ndio umechukua kazi ya mguu, unafika kila mahali. Mimi ni mzima kabisa, pumzi ninazo. Juzi kwenye sikukuu nilipuliza zumari mlangoni pa hekalu mpaka ndovu wa Bwana Shiva akapiga magoti mbele yangu, machozi yanamchuruzika, na mtaa mzima ukashuhudia.

Haya, najua umeshakunja uso. Ndovu alipiga magoti kwa sababu mtunzaji wake alimwamuru, apate kumsugua mgongo. Na yale machozi ni ugonjwa wa macho, anatiwa dawa. Lakini alipiga magoti huku mimi napuliza, na hilo hata wewe huwezi kuniondolea.

Maneno uliyompa yule muuza vitambaa nimeyapata. Hakuniita pembeni kama mtu mwenye haya. Aliyamwaga pale mgahawani mbele ya wanywa kahawa wote, tena kwa sauti yako, mpaka nikakaribia kusimama nimwamkie. Kwamba nimelivunja jina la marehemu baba. Kwamba nimepiga kishindo cha heri kabla ya wakati kwenye harusi ya mjukuu wako, jambo ambalo hata mpiga zumari wa mazishi halifanyi. Kwamba laiti ungekuwa na miguu miwili ungekuja na kandambili mkononi. Basi tulia, Dada, nikueleze yote tangu mwanzo, maana waliokupigia simu walikuwa wameshughulika na wali.

Wewe unajua nimetoka wapi. Baba alinisimamisha ndani ya mto Kaveri, maji kifuani, akaniambia nipulize tete la zumari mpaka kaa wahame. Wewe ulikuwa kwenye ngazi unafua, na kila nilipokosea uliimba pale mahali vizuri bila kuinua kichwa. Baba aliuliza, “Umemsikia dada yako?” Kisha akanichapa mimi, na wewe akakutuma jikoni ukamenye vitunguu. Zumari hakukupa hata siku moja. Angekupa wewe, mimi leo ningekuwa nauza majani ya tambuu stendi, na pengine ningekuwa na mwavuli mzuri zaidi.

Tangu hapo umri wangu umeishia kwenye bomba hili refu jeusi. Nimewaamsha miungu alfajiri na kuwalaza usiku, ingawa ni mawe na sijapata kuwasikia wakikoroma. Nimeoza wajukuu za watu niliowaoza. Wale wenye mashamba walipotaka tuvue kitambaa cha bega na kukifunga kiunoni mbele yao kama watumwa, niliwaambia changu kimeota nyama. Wakanifukuza. Mwaka uliofuata wakaniita tena, maana waliyemchukua alilia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Lakini mke wangu, unajua, alifariki bila kuniachia mtoto, na wanafunzi niliowalea mmoja anahesabu fedha za benki na mwingine anachana tiketi za sinema. Nilishajiambia kwamba nikifa zumari hii watapulizia moto wa jikoni.

Ndipo Kuzhali, mjukuu wako, akaanza kuja kunianikia tete juani. Siku moja nimelala chumba cha nyuma nikasikia mtu anapuliza uani, na nikadhani ni pumzi yangu mwenyewe imetangulia kuamka. Mama yake alilalamika kwamba mashavu yatamvimba kama fenesi na hatapata mchumba. Kumbe mashavu hayohayo ndiyo yaliyomleta mchumba. Parthiban, fundi redio, alimsikia kwenye maandamano ya hekalu akasimama barabarani kama mti, wabeba taa wakamkanyaga vidole na bado hakusogea.

Tatizo halikuwa Parthiban. Tatizo lilikuwa baba yake mkubwa, Dhanapal, aliyemlea tangu utotoni. Mkaguzi wa tiketi mstaafu yule, humtazama kila mtu kana kwamba amedandia treni. Na ni mtu wetu kabisa! Marehemu baba yake ndiye aliyekuwa akishika zumari ya mlio mmoja kando ya baba yetu, siku nzima sauti moja, mmm, kama nyuki kwenye chupa. Lakini Dhanapal ameisugua kazi hiyo ikamtoka mwilini. Hataki kusikia kwamba ukoo wake ulipata kula kwa kupuliza.

Jioni ya kuamkia harusi, watu wameshakula, alinifuata nilipokuwa naloweka tete. Akasema, “Mzee Vaithi, nasikia binti anajua kweli. Basi ajue mpaka kesho. Kabla uzi wa ndoa haujafungwa shingoni mwake nitasimama, na baba yake ataapa mbele ya moto kwamba mwanawe hatashika tena zumari. Asipoapa, namchukua kijana wangu tunarudi nyumbani.” Nikamuuliza kama kijana wake anajua. Akasema kijana wake atajua akishajulishwa.

Nilikwenda kwa Ilango, mwanao. Maskini alikuwa anahesabu majani ya migomba ya kulia chakula, akakaa chini palepale. Akaniambia, “Mjomba, nitafanya nini? Wageni wamelala hapa mpaka kwenye zizi. Harusi ikivunjika, nani atamwoa tena mwanangu? Nitaapa.” Sikumlaumu, na wewe usimlaumu. Lakini unamjua Kuzhali. Kiapo cha baba yake mbele ya moto angekishika mpaka kaburini, hata Dhanapal mwenyewe akifa na kusahaulika. Wanawake walikuwa wanampaka hina chumba cha pili, mlango wazi. Alisikia kila neno. Alinyoosha mkono wa pili upakwe.

Asubuhi ikafika. Banda limejaa, moshi wa samli unawasha macho, kuhani anasoma maneno yake kwa kasi ya mtu mwenye harusi nyingine mbele. Sisi tumekaa kwenye mkeka wetu, mimi na zumari, Kalimuthu na ngoma yake. Sinia lenye uzi wa ndoa lilikuwa limezungushwa kwa wazee waliguse kwa baraka, na sasa linarudi kwa kuhani. Wewe unajua saa hiyo ilivyo. Mpiga zumari hatazami chakula wala wanawake; anatazama kidole cha kuhani. Kidole kikitikiswa juu, unakata wimbo wowote ulio mdomoni na unapiga kishindo kwa nguvu zako zote, ili bwana harusi anapofunga uzi isisikike chafya, wala punda, wala mtu mwenye neno baya.

Dhanapal akasimama, akanyoosha mkono juu.

Wanachosimulia wote ni kwamba mzee Vaithi, na macho yake na moshi ule, aliona mkono hewani akadhani ni wa kuhani, akalipuka. Na kweli nililipuka, Dada. Kalimuthu, ambaye hajapata kuuliza “kwa nini” tangu azaliwe, akanifuata kwa ngoma kama mtu anayefukuza fisi. Sasa watu wa harusi wakisikia kishindo hujua jambo moja tu, kurusha mchele wa manjano. Wakarusha! Mchele ukanyesha, ukaingia kwenye masikio ya kuhani, ukaingia kwenye kinywa cha Dhanapal kilichokuwa kimefunguka. Parthiban akauchukua uzi, akafunga fundo la kwanza. Dada wa bwana harusi akamalizia mafundo mengine, kama desturi ilivyo, huku analia kwa furaha. Dhanapal anapanua mdomo na kuufumba kama samaki kapuni, na hakuna asikiaye hata herufi.

Nilipotoa zumari mdomoni, sauti ya Dhanapal ndiyo pekee iliyobaki bandani: “...na aape!”

Watu wote wakageuka. Mama mmoja mnene akauliza, “Nani aape? Kuapa nini? Si wameshaoana?” Dhanapal akamgeukia kuhani amwambie kwamba ndoa hiyo ni batili. Kuhani akajipukuta mchele, akasema saa njema ilikuwa imeshaingia kitambo, na fundo ni fundo, na kama kuna mtu ana swali akaulize baada ya chakula. Kwa hiyo hilo lililokukosesha usingizi uliondoe moyoni. Nyota hazikukosewa. Kilichokosewa ni ishara tu, na kosa ni langu.

Dhanapal alikaa pembeni amenuna, ila tambi za maziwa alikula, akaongezewa, akanuna tena.

Na sasa sikiliza jambo tamu. Kalimuthu amepita juzi nyumbani kwa Dhanapal, wanakoishi maarusi. Anasema Kuzhali anapuliza kila asubuhi chumba cha nyuma. Mwanzoni Dhanapal alikuwa anatoka na mwavuli wake, jua tupu bila mvua, anazunguka soko mpaka binti amalize. Kisha akachoka kutoka, akawa anakaa barazani na gazeti. Asubuhi moja binti akapanda sauti pasipostahili, na yule mzee akapiga kelele kupitia ukutani, “Shuka! Shuka hapo! Nani kakufundisha kukimbia hivyo?” Kisha watu wa nyumbani wakamsikia anavuma kwa pua, mmm, ile sauti moja ya baba yake, bila kuyumba, mpaka Kuzhali akaiegemea na kumaliza wimbo. Kalimuthu anaapa kwamba siku hizi mzee akiona jua limechomoza na zumari haijalia, anagonga mlango na kuuliza kama nyumba hii imekuwa ya wavivu. Nilipoambiwa hayo nilicheka, halafu nikaenda kuoga ili nisionekane macho.

Sasa funga mlango, Dada. Kama mkweo yuko karibu, mtume dukani.

Macho yangu hayana neno. Kutoka pale mkekani niliweza kukuhesabia nywele za sikio la Dhanapal. Nilimwona akisimama, nikajua ni yeye na nikajua atakachosema. Tangu jana yake nilikuwa nimekusudia kulipuka kwa makusudi, nikalowesha tete langu bora kuliko yote. Utaniambia, “Basi angalau ulikuwa jasiri.” Hapana. Mkono wake ulipopanda, mimi nikaganda. Umri wote huu nimengoja kidole cha kuhani, na vidole vyangu vikakataa kwenda bila hicho. Mdomo ukakauka kama gome. Dhanapal alikuwa ameshasema “Kabla ya...” na mimi nimeshika zumari kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

Nikamtazama Kuzhali, kumwomba radhi kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa kama wanavyoinamisha, mashada ya maua mpaka masikioni, haya imemjaa, picha ya kutundika ukutani. Na chini ya mashada kikatokea kidole. Kimepakwa hina mpaka kwenye kifundo. Kikatikiswa, upesiupesi, kama cha kuhani, ila kikali zaidi: piga, babu, unangoja nini!

Tangu dunia iumbwe bibi harusi hajapata kujiamrishia kishindo chake. Wenye mashamba niliwakatalia, wasimamizi wa hekalu nimewakatalia, lakini kidole kile nilikitii kabla sijajua kwamba nimetii. Tulikiona mimi na Kalimuthu. Na nadhani Parthiban alikiona pia, maana uzi ulikuwa mkononi mwake kabla sauti yangu ya kwanza haijatoka.

Kwa hiyo jina la baba halikuvunjwa na mtu. Mjukuu wako alishika kishindo, na mimi nilikuwa bomba tu. Lakini hili likae kwako. Dhanapal akijua ni bibi harusi aliyemfunga mdomo, yale mavumo ya asubuhi yatakoma. Acha waseme Vaithi kaisha. Watoto wa mtaani wananipungia mikono waone kama nitapuliza, na wasimamizi wa hekalu wameniuliza kama mungu bado namwona. Nimewaambia kwa mbali. Sijalala vizuri hivi tangu mke wangu afariki.

Nisalimie wote hapo, mkweo hasa, mwambie pole kwa kukuuguza. Kalimuthu anakusalimu, na anauliza kama bado una ile hasira.

Liko jambo moja dogo, na unanidai lolote lile ila hili ni mimi ninayekudai, maana utotoni yale maandazi ya sadaka uliyaiba na kuyala wewe, na fimbo za baba nikala mimi, nikanyamaza mpaka leo. Mwanao Ilango ameniandikisha kwa daktari wa macho wa Kumbakonam nikapasuliwe. Anakuja Ijumaa na gari la kukodi, na kumwambia kwamba naona siwezi. Mwandikie leo, kabla posta haijafunga, kwamba umeniota vibaya na nyota zangu haziruhusu kisu mpaka mwezi wa Chitirai. Yeye hakubishii.

Mdogo wako,
Vaithilingam