Ndoano ya Ghala la Mbata

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Kariakoo hatujambo, ila baba yako goti linamsumbua. Unauliza kwa nini sitaki zahanati yetu kuukuu ivunjwe.

Zamani jengo lile lilikuwa ghala la mbata, nazi kavu. Walipoligeuza zahanati, miaka ya hamsini, mizani ya watoto ikatundikwa kwenye ndoano ileile ya magunia. Kina mama tukagoma: mtoto si gunia. Mzee Shomari, aliyekuwa kuli humo, akaninong'oneza, "Mwanangu, ndoano hii nimeitundikia magunia tangu ujana wangu. Haijaniangushia hata moja."

Nikampandisha baba yako, wa kwanza kabisa. Kumbe alikuwa mwepesi mno kwa umri wake, utapiamlo umeshamwingia. Wakamtibu palepale.

Leo analalamikia goti. Kila akilalamika, naishukuru ndoano ile.

Bibi yako